Mama Mistari na Sura ya Kumi na Nne

Katika ofisi ya ramani na vipimo kulikuwa na mwanamke ambaye wenzake wote walimwita Mama Mistari. Jina lilimkaa sawasawa, kwa sababu kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuchora kontua, ile mistari myembamba ya rangi ya kahawia inayoonyesha kwenye ramani wapi ardhi inapanda na wapi inashuka. Alianza kwa kalamu ya wino na karatasi ya kunakilia, baadaye ikaja kompyuta, lakini hata baada ya kompyuta hakuacha kuchonga penseli kila asubuhi kabla ya kuvua koti. Alikuwa akisema penseli butu inamfanya mtu awaze butu.

Kwenye droo yake ya chini alihifadhi kifaa kiitwacho planimita. Ni mkono wa chuma wenye kiungo kimoja katikati. Upande mmoja una sindano, na karibu na kiungo pana kigurudumu kidogo chenye namba. Mtu akitaka kujua ukubwa wa kiwanja kwenye ramani, hata kiwe kimepinda kama ulimi wa mbwa, anaweka sindano mahali popote pa mpaka, anaufuata mpaka taratibu, anazunguka mpaka arudi alipoanzia, kisha anasoma kigurudumu. Namba anayoisoma ndiyo ukubwa wa eneo lote la ndani. Hakanyagi ndani hata mara moja.

Mwaka wake wa kwanza kazini alimuuliza mchoraji mkuu wa wakati ule, mzee wa maneno machache, "Kinajuaje ya ndani wakati kimepita pembeni tu?"

"We zungusha tu, binti," mzee akamjibu. "Chenyewe kinajua."

Chumba kizima kilicheka, naye akacheka. Lakini jibu lile lilimkwama kama mwiba wa samaki, kwa sababu yeye alijua kuwa sababu ipo, na kwamba alishafika karibu nayo kabisa.

Maana kabla ya kuwa mchora ramani alikuwa mwanafunzi wa hisabati, mwaka wa pili chuo kikuu. Muhula ule walikuwa wakisoma kalkulasi ya vigeu vingi. Kalkulasi ya kawaida inamfuata mtu anayetembea njia moja, ama mbele ama nyuma. Hii ya vigeu vingi inamfuata mtu aliyesimama mlimani, anayeweza kugeuka kokote, na kila ageukapo mteremko unabadilika. Wenzake waliiogopa. Yeye aliipenda hivi kwamba alikuwa akisoma kurasa za mbele kabla ya mhadhiri kuzifikia, kama mtu anayechungulia jungu kabla halijaiva. Kitabu kilikuwa na sura kumi na nne. Aliona kwenye yaliyomo kwamba sura ya mwisho inahusu uhusiano wa mpaka na ya ndani, akaiwekea alama ya penseli pembeni, akasema, nitafika tu.

Wiki ya saba, wakiwa sura ya tisa, alikuja mjomba wake na kumsubiri nje ya ukumbi. Baba yake, fundi mwashi, alikuwa ameanguka kazini. Kiharusi. Mama yao alishatangulia mbele ya haki, na nyuma yake yeye, kifungua mimba, kulikuwa na wadogo wanne, wa mwisho akiwa hajaota meno ya mbele. Aliomba ruhusa ya mwaka mmoja. Akapata kazi ofisi ya ramani, na mwaka ukazaa mwaka.

Baba hakurudiwa na sauti wala mkono wa kulia. Lakini kila jioni binti yake alipoingia, aliinua mkono wa kushoto, akabana vidole kana kwamba ameshika kalamu, akaandika hewani. Alikuwa anauliza shule.

"Niko likizo, baba," binti alimjibu.

Likizo ile ilidumu miaka tisa. Fundi mwashi ni mtu wa hesabu. Anajua tofali ngapi zinaingia kwenye ukuta kabla hajaushika mwiko. Hakudanganyika. Jioni moja aliandika hewani kama kawaida, akasikia jibu lilelile, akafungua kiganja na kuipangusa ile hewa, taratibu, kama mwalimu anayefuta ubao. Je, alikuwa anasema acha kunidanganya? Au nimekusamehe? Au futa, uanze upya? Alifariki kabla ya mwaka kwisha, na swali hilo akaliacha mikononi mwa binti yake.

Basi wadogo wakasomeshwa mmoja baada ya mwingine. Mama Mistari akaolewa na kinyozi, mtu mpole mwenye mdomo wa utani, wakapata watoto wawili, nao wakakua na kwenda zao. Na katika miaka yote hiyo, kila alipofungua droo ya chini na kushika planimita, kitu kilimvuta kifuani. Si majuto hasa. Majuto humfanya mtu aangalie chini. Hiki kilimfanya atazame dirishani, akisahau wino unakauka kwenye kalamu.

Alipofikisha miaka hamsini na miwili, chuo kikuu kilitangaza kwamba watumishi wa umma wanaweza kujiandikisha kwa kozi moja moja bila kuchukua shahada nzima. Alilisoma tangazo mara tatu, akalikunja, akaenda nalo kwenye kibanda cha kunyolea cha mumewe.

"Kozi moja?" mume akauliza, wembe mkononi. "Ni kama kuingia dukani ukanunua njiti moja ya kiberiti."

"Njiti moja inatosha kuwasha moto."

Mteja aliyekuwa kwenye kiti akasema, povu midomoni, "Hapo amekuweza, fundi."

Bosi wake ofisini ndiye aliyekuwa mgumu. Alizungusha barua ya maombi mezani kama anayetafuta upande wake wa juu. "Mama, somo hili litaisaidia nini ofisi?"

"Litanisaidia mimi, bosi. Na mimi ndiye ninayeisaidia ofisi."

Bosi akacheka bila kutaka, akasaini. Jumanne na Alhamisi, saa moja hadi saa tatu asubuhi. Kozi moja tu, akaandika, na neno "tu" akalipigia mstari.

Siku ya kwanza Mama Mistari alipoingia darasani na mkoba wake wa ngozi, wanafunzi sitini walinyamaza ghafla na kufungua madaftari. Walidhani ndiye mhadhiri. Alipopita ubao akaenda kutafuta kiti, darasa likaangua kicheko, lakini kicheko cha heshima. Binti mmoja wa mstari wa mbele, ambaye kwa kusema kwake wenzake walimwita Kasuku, akasogeza begi lake. "Shangazi, kaa hapa. Hapa feni inafika."

Mhadhiri alipoingia alikuwa msichana ambaye angeweza kuwa binti yake, amevaa raba na kuchomeka penseli kwenye nywele. Akamwona mama mtu mzima mbele yake, na adabu ya nyumbani ikamtoka kabla ya cheo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu."

Darasa likacheka tena, na somo likaanza.

Mambo hayakuwa kama alivyoyaota. Miaka thelathini ni mingi. Aliyokuwa akiyajua kama njia ya kwenda kisimani yalikuwa yameota majani. Mhadhiri aliandika haraka, akafuta haraka, na yale mahesabu madogo ya katikati, ambayo vijana waliyaruka kama ngazi za chini, yeye alijikwaa kwenye kila moja. Jaribio la kwanza liliporudishwa alilikunja kabla Kasuku hajaona, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha kunyolea. Mumewe alikuwa anafagia nywele.

"Nimepata tisa."

"Kati ya kumi?"

"Ya thelathini."

Mume akaendelea kufagia. Akafika kwenye mlango, akakung'uta fagio. "Basi umebakiza ishirini na moja," akasema. "Mimi kichwa cha kwanza nilichonyoa, mwenyewe alivaa kofia miezi miwili. Na bado alirudi."

"Alirudi kunyolewa?"

"Alirudi kuchukua kofia ya akiba aliyoisahau. Lakini alirudi."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yale mengine hayakuwa ya kicheko, na mumewe alilijua hilo, kwa hiyo akageuza kiti akamwambia akae, akaanza kumsuka nywele polepole, wateja wakisubiri.

Wiki iliyofuata alimwendea Kasuku na jaribio lake bila kulikunja. Wakapatana: saa ya chakula cha mchana, Jumatatu na Jumatano, Kasuku atamkumbusha kutafuta intigrali, zile alama ndefu zenye shingo ya bata zinazojumlisha vitu vidogo visivyohesabika, naye Mama Mistari atamfundisha Kasuku kuona. Maana Kasuku alikuwa hodari wa kukokotoa, lakini akiambiwa achore tandiko la farasi au bakuli lililolalia upande, penseli ilisimama. "Usichore bakuli," Mama Mistari alimwambia. "Likate vipande kama mkate, chora kingo za vipande. Macho yatajaza yenyewe." Maktaba ilikuwa na meza moja ya kona yenye mguu mfupi, wakaiwekea karatasi iliyokunjwa chini ya mguu, ikawa yao.

Siku moja mhadhiri alichora kontua ubaoni, mviringo ndani ya mviringo, akaweka nukta moja. "Umesimama hapa," akasema. "Unataka kupanda kwa njia iliyo kali kuliko zote. Unaelekea wapi?" Vijana wakaanza kupekua madaftari wakitafuta kanuni. Mama Mistari hakupekua chochote.

"Unaikata kontua kwa pembe mraba, mwalimu."

"Njoo utuonyeshe."

Akaenda, akashika chaki, akachora mshale kutoka kwenye nukta, kisha bila kuambiwa akaendelea kuuvuta kutoka kontua hadi kontua, ukipinda kidogo kila mara, mpaka kileleni. Mhadhiri aliufuata ule mstari kwa macho toka chini hadi juu.

"Mama, umejuaje, na bado sijathibitisha?"

"Mkono unajua zamani, mwalimu. Kichwa ndicho kimekuja kusoma."

Tangu siku ile hakuna aliyemcheka hata kwa heshima. Jaribio la pili alipata kumi na saba.

Wiki ya nane, katika kitabu kilekile cha zamani, wakavuka sura ya tisa. Wengine hawakuona tofauti yoyote, ilikuwa Alhamisi kama Alhamisi nyingine, mvua inanyunya na nusu ya darasa imechelewa. Lakini Mama Mistari alipofungua ukurasa wa kwanza wa sura ya kumi, ukurasa ambao mjomba wake alikuwa amemwita kabla hajaufikia, aliweka kalamu chini. Alisikiliza kipindi chote bila kuandika. Alipotoka alisimama chini ya paa la ukumbi, akitaka kumwambia mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuwepo tena duniani. Akaenda kazini. Jioni hiyo alipika, akafua, akajibu alichoulizwa. Ila mumewe alimwona akiwa amesimama mbele ya ukuta mtupu wa sebule akiutazama kama ubao unaoandikwa.

Halafu, ikiwa imebaki wiki nne kumaliza muhula, paa la jengo la madarasa likavuja vibaya, masomo yakasimamishwa siku kumi na mbili. Waliporudi, mhadhiri alihesabu siku zilizobaki kwa vidole, akatikisa kichwa. "Sura ya kumi na nne hatutaifikia," akatangaza. "Haimo kwenye mtihani. Anayetaka ataisoma mwenyewe likizo."

Darasa likapiga makofi na miluzi. Kasuku alipiga meza kwa viganja. Kisha akageuka akamwona jirani yake, akaacha.

"Shangazi? Ni afueni, si msiba."

Mama Mistari alikuwa ameshasimama, akimfuata mhadhiri kwenye ujia.

"Mwalimu, samahani. Ile sura."

"Haimo kwenye mtihani, mama, usiwe na wasiwasi."

"Mimi sikujia mtihani." "Nimeisubiri sura hiyo miaka thelathini na moja. Nimejaribu kuisoma peke yangu mara nyingi, nafika katikati inanifungia mlango. Nipe saa moja tu. Siku yoyote. Hata ukiwa unasahihisha, nitakaa pembeni."

Mhadhiri alikuwa na mafungu mawili ya madaftari kifuani na yamemfika kidevuni. Akayaweka chini, palepale sakafuni. "Jumamosi saa nne asubuhi," akasema. "Darasa lilelile. Nitaomba ufunguo."

Jumamosi ile darasa lilikuwa tupu, likinuka unyevu wa paa. Mhadhiri alichora kiwanja cha ovyoovyo ubaoni, akakigawa ndani kwa vimraba vidogo vingi.

"Tuseme kila kimraba kina mtu wake," alianza, "na kila mtu anazunguka kimraba chake, wote kwa upande mmoja, kinyume cha mwendo wa saa. Njiani kila mmoja anajumlisha anachokipata. Sasa angalia hawa majirani wawili. Ukuta wa katikati yao, huyu anaupita akipanda, yule anaupita akishuka. Wakijumlisha pamoja, ukuta ule unakuwa nini?"

"Sufuri."

"Na kuta nyingine za ndani?"

Mama Mistari alisogea ubaoni. Kwa kidole alipita ukuta baada ya ukuta, akipanda kwa huyu na kushuka kwa yule, na kila mmoja aliufuta. Alifuta mpaka ndani hakukubaki mstari hata mmoja. Kilichobaki kilikuwa mpaka wa nje peke yake.

"Zote zinajifuta," alisema polepole. "Zinabaki za nje, zisizo na jirani. Kwa hiyo anayezunguka mpaka amebeba hesabu ya wote wa ndani."

"Ndiyo sura ya kumi na nne hiyo, mama. Mengine yote ni kuiandika kwa alama."

Mama Mistari alirudi kwenye mkoba wake, akatoa kijisanduku. Mhadhiri alikuwa hajawahi kuiona planimita maishani mwake. Alikuwa amefundisha kanuni ile miaka minne na hakujua kwamba kuna watu waliokuwa wakiishika mkononi kila siku. Wakalaza karatasi mezani, wakachora mstatili wa sentimita kumi kwa sita, na mhadhiri mwenyewe akashika sindano, ulimi nje kwa umakini kama mtoto wa chekechea, akazunguka. Kigurudumu kilisema hamsini na tisa nukta nane.

"Mkono wako umeyumba kwenye kona ya pili," Mama Mistari alimwambia. "Rudia."

Akarudia. Sitini kamili. Mhadhiri akapiga ukelele uliojaa darasa lote. Wakakaa mpaka saa saba, wakiandika alama za sura ile juu ya mwendo wa kile kigurudumu: kikisogea ubavuni kinazunguka, kikisogea mbele kinateleza tu, na ndivyo kinavyojumlisha kinachotakiwa na kuacha kisichotakiwa. Mara tatu Mama Mistari alisema sijaelewa, na mara tatu mhadhiri alianza upya. Mara ya nne alifika mwisho, akakaa, akaweka viganja juu ya karatasi.

"Nimezungushia watu viwanja vyao ujana wangu wote," alisema baadaye, "na kumbe sikuwa nimekosea kuuliza."

Mtihani alipata hamsini na nne kwa mia, daraja la C. Kasuku alipata A, akasikitika zaidi ya mwenye C. Mume aliomba karatasi ya matokeo, akaibandika kwenye kioo cha kinyozi baina ya picha za mitindo ya nywele, na kila mteja aliyekaa alilazimika kuisoma akinyolewa. "Huyu ni mke wangu," aliwaambia. "Vigeu vingi. Mimi nashindwa na kigeu kimoja, na nimemwoa."

Mtu angedhani kiu imekatwa. Lakini siku ile ya matokeo mhadhiri alimwambia kwamba baada ya kozi hii inafuata nyingine, ya milinganyo inayoeleza vitu vinavyobadilika na wakati: jinsi joto linavyosambaa kwenye ukuta, jinsi maji yanavyotoka kwenye tangi. Aliisema kwa kupita tu, akifunga begi. Mama Mistari alirudi ofisini na neno "inafuata" limemkaa kichwani.

Akaandika barua mpya. Bosi akaisoma kwa kidole.

"Mama, umebakiza miaka mitatu ustaafu."

"Ndiyo maana nina haraka."

"Niliandika kozi moja tu."

"Niliona. Ulipiga na mstari."

Bosi akasema ataifikiria, akaitia chini ya kikombe cha kalamu. Ikakaa wiki, ikakaa mwezi. Muhula mpya ukaanza bila yeye.

Jumanne ya kwanza ya muhula huo Mama Mistari alitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, ingawa ofisi hufunguliwa saa mbili. Mumewe alimsindikiza mpaka kona bila kuuliza anakwenda wapi. Akafika nje ya ukumbi, akakaa kwenye benchi chini ya madirisha. Paa lilikuwa limezibwa kwa mabati mapya. Wanafunzi wapya walimpita mbio, wakimpa salamu ya haraka anayopewa mzazi wa mtu. Kisha raba zikasikika kwenye sakafu, na sauti aliyoijua ikaanza: leo tutachukua nukta moja, tutaiacha iende popote inapotaka.

Alisikiliza akiwa ameshika mkoba mapajani. Ilikuwa kozi ileile aliyoimaliza, na yote alikuwa akiyajua. Mara mbili midomo yake ilijibu swali kabla ya mtu yeyote wa ndani. Ilipofika saa mbili kasorobo akasimama, akanyoosha sketi, akaenda kuchora kontua.